Shingo ya dereva wa masafa: mwongozo kamili wa kuitunza kwa Ayurveda, kutoka Kitonga hadi Tunduma

Dereva mwenye shingo mbovu namtambua kabla hajasema lolote. Ukimwita kutoka nyuma hageuzi kichwa. Anageuka mwili mzima, mabega na kiuno kwa pamoja, kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji. Hapa Uyole, Mbeya, ninapochua watu kwa mafuta mwaka wa tisa sasa, nawaona wa namna hiyo kila wiki: wa semitrela za mzigo wa Kongo, wa mabasi ya Dar es Salaam, wa kosta za Kyela. Wengi wameshapiga eksirei, wakaambiwa pingili zimesagika, wakapewa vidonge vya maumivu na kurudi barabarani siku ileile.

Aliyenisukuma kuijifunza kazi hii ni baba yangu mdogo. Alisukuma lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa miaka mingi. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, naye akadhani ni usukani. Alichuliwa na kila mtu, akapakwa kila dawa. Siku moja nilimkuta kitandani akihangaika kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vinakosea tundu. Tulicheka wote wawili. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba hiyo ilikuwa dalili kubwa kuliko maumivu yote aliyowahi kuyapata. Alifanyiwa upasuaji akiwa amechelewa, na hakushika tena gari. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitaanza na mambo ambayo mafuta hayawezi, ndipo nije kwenye yale yanayoweza.

Kinachotokea ndani ya shingo

Shingo ina pingili saba. Kati ya pingili na pingili, ukiacha ya kwanza na ya pili, kuna diski, kisahani cha gegedu chenye ute katikati kinachofanya kazi ya shokapu. Ujanani sehemu kubwa ya ute huo, karibu asilimia 80, ni maji. Miaka ikisogea maji hupungua, diski husinyaa, pingili hukaribiana, na mwili katika kujaribu kukiimarisha kiungo huotesha vijimfupa pembeni. Vijimfupa hivyo, au diski iliyotokeza, vikigusa mshipa wa fahamu unaoelekea mkononi, hapo ndipo ganzi na moto wa begani huanza. Mara nyingi huwa kati ya pingili ya tano na ya sita, au ya sita na ya saba.

Kuna jambo moja natamani kila dereva alijue. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha. Inakula kwa kunyonya, pale inapobanwa na kuachiwa, kama sponji kwenye maji. Ukikaa saa tano bila kubadili mkao, kichwa kimetangulia mbele kuelekea kioo, unainyima chakula. Juu yake kuna mtikisiko. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi una mtetemo unaouitikia zaidi, kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na bahati mbaya siti za magari makubwa hutetema humo humo.

Kichwa nacho si chepesi. Kina kilo 4.5 hadi 5 kikiwa kimesimama sawa juu ya mabega. Kikiinama nyuzi 60, kama unavyoinamia simu kwenye foleni ya mpakani Tunduma, mzigo unaobebwa na shingo unakadiriwa kufika kilo 27. Hiyo ni zaidi ya debe la mahindi.

Hata hivyo usitishwe na neno "kusagika". Watu wengi waliovuka miaka 60 wana mabadiliko haya kwenye picha na hawaumwi chochote. Picha peke yake haisemi utateseka kiasi gani. Mkao, misuli na usingizi vina neno kubwa.

Ayurveda inavyoliona jambo hili

Ayurveda ni tiba ya India ambayo vitabu vyake vya msingi, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa takriban miaka 2,000. Inaueleza mwili kwa nguvu tatu: Vata, Pitta na Kapha. Inayotuhusu hapa ni Vata, nguvu ya mwendo, ambayo tabia yake ni ya upepo: kavu, baridi, nyepesi, yenye mikwaruzo, isiyotulia. Makao yake makuu ni utumbo mpana, lakini inakaa pia kwenye mifupa, na kanuni yao inasema Vata ikipanda, mfupa hupungua. Ute wa viungo ni wa Kapha, nguvu ya unyevu. Vata kavu ikiingia kwenye kiungo, ute unakauka, kiungo kinalia na kuuma. Huo wanauita sandhigata vata. Shingo iliyokakamaa ina jina lake, manyastambha, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na Sushruta ni kulala mchana, kukaa na kusimama vibaya, na kutazama juu kwa muda mrefu.

Na nini kinaipandisha Vata? Safari ndefu. Kukesha. Baridi na upepo. Chakula kikavu kisicho na saa. Kubana mkojo na choo. Mtikisiko. Nilipoisikia orodha hii mara ya kwanza kwa mwalimu wangu nilimfikiria baba mdogo, maana hiyo ilikuwa siku yake ya kazi tangu asubuhi hadi usiku.

Daktari anayesoma picha ya MRI huiona diski iliyopoteza maji ikiwa nyeusi. Mganga wa Ayurveda husema Vata imekausha. Wote wawili wanazungumzia ukavu, ila nisikudanganye: mafuta unayopaka juu ya ngozi hayafiki kwenye diski, na hakuna mafuta yanayorudisha diski iliyosinyaa. Tafiti za kisayansi kuhusu tiba hizi kwa shingo bado ni chache. Ninachokiona kwa mikono yangu ni kwamba misuli iliyokaza inalegea, usingizi unarudi, kichwa kinageuka zaidi. Kwa mtu anayehitaji kuona kioo cha kushoto akiwa kwenye kona za mlima Kitonga, hilo si dogo.

Kabla ya kugusa mafuta: jipime

Fungua na ufunge vifungo vya shati bila kutazama. Okota sarafu ndogo sakafuni. Tembea hatua kumi kisigino kikigusa ncha za vidole vya mguu wa nyuma, kama unapita kwenye kamba. Ukishindwa mambo haya uliyokuwa unayaweza, au miguu imekuwa mizito, au ukiinamisha kichwa unapigwa na kitu kama shoti ya umeme kushuka mgongoni, tatizo linaweza kuwa limegusa uti wenyewe wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Acha kuchuliwa na uende hospitali yenye wataalamu wa mifupa au mishipa ya fahamu. Kwa huku kwetu anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa; wao ndio watakaoamua kama unahitaji kupelekwa MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje hata kesho.

Nenda hospitali pia kama shingo imeanza kuuma baada ya ajali au kuanguka, hata kama gari liligongwa kidogo tu kwa nyuma. Au una homa, unatokwa jasho usiku, unakonda bila sababu: kifua kikuu huingia hata kwenye pingili, na shingo yenye kifua kikuu haitakiwi kukandwa. Au mkono unapoteza nguvu, si ganzi tu. Na maumivu ya bega la kushoto na mkono yanayokuja na kifua kubana, jasho na pumzi fupi ni ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ganzi yenyewe ina lugha. Ya kidole gumba na cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa sita wa shingo, ya kidole cha kati kwenye wa saba, ya kidole cha mwisho na jirani yake kwenye wa nane. Andika ni kidole gani na ni saa ngapi. Daktari atakushukuru.

Hatua ya kwanza ni siti

Charaka na wenzake wana kanuni: kiini cha tiba ni kuiondoa sababu. Ukipakwa mafuta usiku, kisha alfajiri ukarudi kwenye siti ileile iliyokuumiza, umepoteza mafuta.

Sukuma makalio mpaka yaguse nyuma kabisa. Egemeo lilale kidogo tu, nyuzi 100 hadi 110. Madereva wengi hulilaza mno, na anayelilaza mno lazima achomoze kichwa mbele ili aone barabara. Kunja taulo dogo uliweke kwenye bonde la kiuno. Vuta siti mpaka viwiko vikunjike ukiwa umeshika usukani, na mabega yasinyanyuke. Kama mabega yanapanda masikioni, usukani uko juu au mbali. Mto wa kichwa ufike usawa wa kisogo, karibu kiasi cha kugusa ukirudisha kichwa.

Sasa kaa wima, ndipo urekebishe vioo. Siku inavyosonga utazama kwenye siti na utaona kioo hakionyeshi kama asubuhi. Usikiguse. Inuka wewe. Hicho kioo ndicho mlinzi wako.

Kama gari lina siti ya upepo, ipime kwa uzito wako kila unapopokea gari kwa dereva mwingine. Kama haina, na sponji imekwisha, mwambie tajiri kwa ustaarabu na umweleze kwamba siti ni rahisi kuliko dereva kulala ndani miezi mitatu. Hata shokapu na upepo wa matairi shingo yako inavisikia.

Halafu kuna jambo la nchi yetu hii. Ruaha Mbuyuni ni joto la kutoa jasho mgongoni. Unaipanda Kitonga ukiwa na dirisha wazi, na ukifika Ilula umeshaingia kwenye ubaridi, shati limelowa, upepo unapiga shingo upande wa kulia. Unaendelea hivyo hadi Mafinga na Makambako, ambako upepo hauna adabu, hasa Juni na Julai. Kwa mtazamo wa Ayurveda huwezi kupata njia fupi zaidi ya kuikoroga Vata. Simama Ilula, badilisha shati, vaa skafu au kitambaa cha pamba shingoni, pandisha kioo. Kama ni kiyoyozi, kisipulize usoni wala shingoni.

Mafuta: abhyanga, yaani kuchua shingo kwa mafuta

Hii ndiyo hatua ninayoijua zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka.

Mafuta yanayopendwa kwa Vata ni ya ufuta, kwa sababu ni ya moto kwa tabia na mazito. Tafuta yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Yale meusi yenye harufu kali ya kukaangwa ni ya jikoni. Nchi yetu inalima ufuta mwingi, hasa Lindi na Mtwara, kwa hiyo huna haja ya chupa ya bei kubwa kutoka nje. Alizeti ya Iringa itakusaidia ukikosa, ila naipa nafasi ya pili.

Ukitaka kuyaongezea nguvu, yapike na kitunguu saumu, ambacho Ayurveda inakihesabu kati ya maadui wakubwa wa Vata. Kipimo cha kale cha kupika mafuta ya dawa ni sehemu 1 ya dawa iliyopondwa, sehemu 4 za mafuta, sehemu 16 za maji. Yaani gramu 50 za saumu, mililita 200 za mafuta, mililita 800 za maji. Weka kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo wa mkaa, koroga mara kwa mara hadi maji yaishe yote. Itachukua saa kadhaa. Usiyaharakishe, na usiondoke jikoni. Utajua yameiva ukiichukua ile saumu, ukaiacha ipoe, ukaiviringisha kwa vidole ikawa kama utambi, na ukiitia kwenye moto inawaka bila kulia chwee. Ikilia, maji bado yamo, na mafuta yenye maji yataoza. Chuja kwa kitambaa safi, tia kwenye chupa ya kioo kavu kabisa. Jaribu tone moja kwenye mkono siku moja kabla. Saumu huunguza ngozi za watu wengine.

Barabarani, pasha hivi: omba mama ntilie kikombe cha maji ya moto, chovya humo kichupa chako dakika tano. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya jiko. Yajaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Yanatakiwa yawe ya joto la kupendeza, yasichome.

Wakati mzuri ni jioni umeshapaki, hujala, au saa mbili baada ya kula. Usijichue kabla ya kushika usukani, mikono itateleza. Paka kuanzia nyuma ya masikio, shuka pande zote mbili za shingo, endelea juu ya mabega hadi kwenye kiungo cha bega. Kwenye misuli mirefu pitisha kiganja kwa mkondo mrefu, kwenye kiungo zungusha. Usibonyeze mfupa wa katikati, na usikandamize mbele ya shingo, kuna mishipa mikubwa ya damu. Dakika 10 hadi 15. Kama kuna tandiboi, mfundishe, ila mwambie nguvu ni ya kiganja, si ya kidole gumba. Nimepokea watu wenye michubuko ya kijani kwa sababu mchuaji aliamini maumivu ndiyo tiba. Vata haitulizwi kwa kupigwa.

Kisha joto, ambalo wao huita svedana. Kaanga chumvi ya mawe au mchanga safi, funga kwenye kitambaa kinene, kandakanda juu ya mafuta dakika 10. Taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa linatosha pia. Hapa kuna hatari moja: mwenye ganzi au mwenye kisukari huenda asihisi anaungua, kwa hiyo mtu mwingine apime joto kwanza. Mwenye homa, kidonda au upele asifanye. Ukimaliza funika shingo, usitoke nje kwenye baridi ya Mbeya angalau nusu saa.

Mara tatu hadi nne kwa wiki ukiwa safarini, kila siku ukiwa mapumziko.

Dimbwi la mafuta shingoni, ukiwa nyumbani

Dimbwi hili, wanaloliita greeva basti, ni la siku ya mapumziko na linahitaji msaidizi. Kanda unga wa ngano uwe mgumu kama wa chapati, utengeneze duara lenye ukuta wa vidole viwili. Lala kifudifudi, paji la uso juu ya mto mdogo, shingo ikiwa imenyooka na pua ikipumua. Msaidizi abandike duara nyuma ya shingo, azibe nyufa kwa unga uliolowa, amimine mafuta ya uvuguvugu taratibu pembeni mwa ukuta. Yakianza kupoa anachota kidogo kwa pamba na kuongeza ya moto. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Mafuta yale unaweza kuyatumia mara mbili au tatu kwa mtu huyohuyo, kisha yamwagwe. Wateja wangu wengi hulala usingizi juu ya meza, na dereva aliyelala usingizi mzito bila kidonge ameshapata sehemu ya tiba.

Mazoezi ya kwenye foleni

Mizani ya Makambako, foleni ya kuingia Tunduma, kituo cha mafuta: kote huko kuna dakika nne. Shuka kwenye gari.

Rudisha kidevu nyuma kwa mstari ulionyooka, kama unataka kutengeneza kidevu cha pili, bila kuinamisha kichwa. Shikilia sekunde 5, mara 10. Hili peke yake ningelichagua kama ningeruhusiwa moja. Kisha weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kiganja na kiganja kikatae, pasiwe na kinachosogea, sekunde 5. Fanya hivyo kwa kisogo, kulia na kushoto, mara 5 kila upande. Mwisho bana mifupa ya mabega nyuma kama unataka ishike penseli, mara 10. Maumivu yakishuka mkononi, acha zoezi hilo.

Usizungushe kichwa duara kamili. Na kama umeona yoga kwenye simu, acha kabisa mikao ya kusimamia kichwa au mabega. Shingo iliyochakaa haikuumbiwa kubeba mwili.

Naomba nitaje na kinyozi. Yule anayemaliza kunyoa, akakanda kichwa, halafu akashika kidevu na kukivunja upande hadi kilie. Watu wanapenda ile sauti. Lakini kupindisha shingo kwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili kwenda kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Mwambie mapema: kichwa kanda, shingo usivunje.

Chakula, haja na usingizi

Vata inatulizwa na chakula cha moto, chenye majimaji na mafuta kiasi, kwa saa zilezile. Huku hatuna shida: wali wa Kyela au wa Mbarali na maharage yaliyoungwa vizuri, supu, ndizi za Tukuyu zilizopikwa laini, parachichi la Rungwe, uji wa moto wenye kijiko cha samli. Maharage yaloweke usiku kucha na uyapike na tangawizi, yasije yakajaza gesi, maana gesi nayo ni Vata. Punguza chipsi kavu, bisi, karanga za kukaanga zinazotafunwa njia nzima, soda ya baridi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Sigara hupunguza damu kwenye mishipa iliyo jirani na diski. Hilo hata hospitali watakuambia.

Kunywa maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, kidogo kidogo. Najua kwa nini madereva hawanywi: hakuna pa kusimama. Lakini Ayurveda inahesabu haja 13 za mwili zisizozuiwa, na mkojo na choo ni miongoni mwa za kwanza, kwa sababu ukiibana Vata njia yake ya kushuka, inapanda. Choo kigumu cha siku tatu na shingo iliyokaza nimekutana navyo kwa mtu mmoja mara nyingi mno.

Kulala ukiwa umeketi kwenye siti, kichwa kimedondoka kifuani, ni kosa kubwa kuliko yote ya foleni ya Tunduma. Panda kitandani nyuma. Lala chali au ubavu, usilale kifudifudi. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega, si zaidi. Khanga iliyoviringishwa chini ya shingo husaidia wanaolala chali. Aliyeendesha usiku anaruhusiwa kulala mchana. Vitabu vinakataza kwa mtu mzima aliyepumzika, ila vinamwachia aliyechoka kwa safari na kukesha. Na alale kabla ya kula, asilale tumbo limejaa.

Matone mawili ya mafuta ya ufuta ya uvuguvugu katika kila tundu la pua, asubuhi, huitwa nasya, kwa kuwa pua kwao ni mlango wa kichwa. Ni matone mawili, usimimine. Mafuta mengi yakiingia kwenye mapafu yanaleta maradhi. Mwenye mafua aache.

Dawa za kumeza

Hapa mkono wangu ni mzito kutoa ushauri, na nina sababu. Ashvagandha, ambayo ni mzizi, na guggulu, utomvu wa mti, zinasifiwa sana kwa mifupa na Vata. Ashvagandha huwaletea watu usingizi, na dereva mwenye usingizi ni hatari kuliko shingo yoyote. Imehusishwa pia na madhara ya ini kwa baadhi ya watu, na haifai kwa mjamzito wala kuchanganywa kiholela na dawa za tezi. Zaidi ya hapo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo usimeze unga usio na jina, lebo wala namba ya usajili ulionunua stendi.

Mganga anayekutibu awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muulize cheti, hatakasirika kama anacho. Tiba ya basti yenyewe, tofauti na ile ya shingoni, ambayo ni kuingiza mafuta na dawa kwa njia ya haja kubwa, ndiyo wanayoiona kuwa mama wa tiba za Vata, lakini si ya kujifanyia gesti. Vilevile usiache dawa za presha au sukari kwa ajili ya mafuta yangu, na usimeze diklofenaki, kidonge cha maumivu, kila siku kama peremende. Inaumiza tumbo na figo.

Kupima kama unapona

Anza siku ya kwanza. Kaa kwenye kiti mgongo wima, inamisha kidevu kifuani, hesabu vidole vinavyoenea kati ya kidevu na kifua. Geuza kichwa kulia bila bega kusogea, na umwambie mtu aweke alama ya chaki ukutani pale jicho linapofika. Fanya na kushoto. Andika kwenye daftari la safari tarehe, idadi ya vidole, ganzi ni kidole gani, umelala saa ngapi, umeendesha wapi hadi wapi. Rudia kila Jumapili, kiti kilekile, ukuta uleule.

Shingo ya mshipa uliobanwa huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na mara nyingi hutulia bila kisu. Upe mwili wiki sita za siti, mafuta, joto, mazoezi na usingizi. Alama ya chaki ikisogea, endelea. Ikibaki palepale, au ganzi ikihama kutoka kidole kimoja kwenda viwili, chukua daftari hilo uende nalo hospitali ulifungue mbele ya daktari. Na asubuhi zote hizo, kabla hujavaa viatu, funga vifungo vya shati ukiwa umetazama dirishani.